Soko na majirani zake

Ukisoma nyaraka za Chama cha Kikomunisti cha China, usiliangalie neno "soko" peke yake. Angalia maneno yaliyokaa jirani nalo, maana huko ndiko fikra zilikopigania nafasi.

Mwaka 1982 soko lilikuwa "nyongeza" tu. Mpango wa dola ndio mkuu. Chen Yun, mzee wa mipango, aliufananisha uchumi na ndege: ukimbana kiganjani atakufa, ukimwachia atatoroka, basi mwekee tundu. Mwaka 1984 chama kikapitisha "uchumi wa bidhaa wenye mpango". Ni maneno mazito mdomoni, lakini yalifanya kazi kubwa. "Bidhaa" iliingia mlango ambao "soko" lilikuwa bado limefungiwa. Nawaheshimu sana wachumi kama Xue Muqiao, waliolitetea neno "bidhaa" tangu 1980, wakati kulitetea kulikuwa na gharama.

Mapema 1992 Deng Xiaoping, mzee wa miaka 87, alizuru Shenzhen na miji mingine ya kusini, akasema mpango si ujamaa na soko si ubepari. Vyote ni nyenzo. Oktoba mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa 14 ukapitisha "uchumi wa soko wa kijamaa", na 1993 maneno hayo yakaingia katika katiba ya nchi.

Kisha, Novemba 2013, katika waraka wa chama, nafasi ya soko katika kugawa rasilimali ikaacha kuitwa "ya msingi", ikaitwa "ya kuamua". Sentensi hiyohiyo inaitaka serikali nayo itimize vyema zaidi nafasi yake, na kila kambi, ya soko na ya dola, hunukuu nusu yake.