Kubadilisha kioo cha gari kuukuu: Kazi ya subira, kamba na maji ya sabuni

GARI kuukuu lina maadui wengi. Kutu hula bati, jua hukausha mipira, na kokoto moja iliyorushwa na gurudumu la lori yatosha kutia ufa kioo kilichodumu zaidi ya miaka 50.

Magari ya aina hii yangali yanaenziwa nchini. Volkswagen Beetle ndiyo iliyoshinda mashindano ya kwanza ya Safari mwaka wa 1953, nayo Peugeot 404 ikatwaa ushindi mwaka wa 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. Hata hivyo, kioo chake kikivunjika mwenyewe hana budi kutafakari kabla ya kumwita fundi.

Jambo la kwanza ni kutambua aina ya kioo. Kipo kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki. Kikigongwa hupasuka, lakini vipande hubakia vimeshikamana na utando huo. Kipo pia kioo kilichopashwa moto wa zaidi ya nyuzi 600 za Selisiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa hewa. Hiki kikivunjika husambaratika kuwa punje ndogo zisizo na makali mengi.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Kioo cha tabaka mbili kikiwa bapa, fundi wa vioo aweza kukikata kwa kufuata kielezo. Kile cha kupashwa moto hakikatiki kamwe. Ukikigusa kwa kikatio chote humeguka. Sharti kikatwe na kutobolewa kabla ya kutiwa tanuri.

Lililo la hatari zaidi ni kutumia kioo cha kawaida cha madirisha ya nyumba kwa sababu ni cha bei nafuu. Ajali ikitokea, kioo hicho huvunjika kuwa vipande virefu vyenye ncha kali, vinavyoweza kumkata abiria shingoni au kumpofusha. Akiba ya shilingi chache haifai kulipiwa kwa uhai wa mtu.

Jambo la pili ni mwaka wa gari. Kioo cha mbele cha Beetle, mathalani, kilikuwa bapa hadi mwaka wa 1964, kisha kikaanza kupindwa kidogo. Dirisha lake la nyuma lilikuwa la vipande viwili hadi 1953, likawa la umbo la yai hadi 1957, ndipo likapanuliwa. Anayeagiza kioo bila kutaja mwaka atajikuta na mzigo usiomfaa.

Kazi yenyewe yahitaji watu wawili. Vaeni glavu na miwani ya kukinga macho, ondoeni waipa, kisha mfunike boneti na dashibodi kwa blanketi. Mpira wa zamani aghalabu huwa umekauka. Ukateni kwa wembe na kukitoa kioo taratibu, badala ya kukisukuma kwa nguvu.

Baada ya hapo, kagueni ukingo wa bati uliokuwa umefichwa na mpira. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka hukosea. Kutu ikiachwa, maji yataendelea kupenya, na uvimbe mdogo wa kutu utakibana kioo kipya mahali pamoja hadi kipasuke siku gari likiruka shimo. Kwangueni kutu yote, zibeni matundu kwa kuchomelea, pakeni rangi ya kuzuia kutu na msubiri ikauke kabisa.

Sasa uvisheni mpira mpya kwenye kioo. Ikiwa una urembo wa bati, utieni kabla ya kioo kuingia garini. Kisha pitisheni kamba nyembamba na imara, ya unene wa milimita 4 au 5, katika mfereji wa mpira unaokumbatia bati, ncha zake zikipishana chini katikati. Lowesheni ukingo kwa maji ya sabuni. Msitumie grisi wala oili ya injini, kwani huharibu mpira.

Mmoja asimame nje na kukiegemeza kioo mahali pake. Wa ndani avute kamba polepole kuanzia chini, apande pande zote mbili na kumalizia juu. Kadiri kamba inavyotoka, ndivyo mdomo wa mpira unavyovuka bati. Wa nje afuatishe kwa kubonyeza kwa kiganja. Kamba ikikwama, ongezeni maji ya sabuni, msitumie nguvu.

Kioo cha mlango nacho hushikwa chini na reli inayopandishwa kwa mkono wa kuzungusha. Kikivunjika, fungueni ubao wa ndani na kuondoa kila punje iliyoanguka, kwani huziba matundu ya kutolea maji na kuozesha mlango. Badilisheni pia vitambaa vya pembeni vilivyochakaa, la sivyo kioo kipya kitachunika.

Hatimaye, mwagieni gari maji na mtazame ndani kama yanavuja. Na ikiwa kioo cha zamani hakijasambaratika, msikitupe hadi kipya kikae sawasawa. Hicho ndicho kielezo cha kuaminika zaidi alicho nacho mwenye gari.