Mkutano wa Hamburg na Elimu ya Nchi za Barafu

Katika vitabu vingi, habari za ncha za dunia husimuliwa kama mashindano: nani alitangulia kufika, na bendera ya taifa gani ilipandishwa kwanza. Sisi tufundishao lugha twajua kuwa jinsi habari inavyosimuliwa ndivyo inavyokumbukwa. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari ya mkutano uliofanyika Hamburg, Ujerumani, Oktoba 1879, ambao hautajwi sana ingawa matunda yake yapita yale ya safari nyingi za mashujaa.

Mwenye wazo lake alikuwa Karl Weyprecht, afisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria. Mwaka 1872 yeye na Julius Payer waliongoza merikebu kuelekea kaskazini. Barafu ikaikamata, isiiachie tena. Mwaka 1873 waliona visiwa ambavyo havikuwamo katika ramani, wakavipa jina la mfalme wao, Franz Josef. Mwaka uliofuata waliiacha merikebu, wakarudi wakikokota mashua juu ya barafu.

Weyprecht angeweza kuishi kwa sifa hizo. Badala yake, mwaka 1875, mbele ya wataalamu waliokutana Graz, alisema kuwa kuikimbilia ncha kwa kutaka sifa huleta elimu haba. Hali ya hewa na sumaku ya dunia hazijui mipaka ya mataifa. Apimaye peke yake hawezi kutambua kama alichokiona ni cha mahali pale tu au ni cha dunia nzima. Yafaa basi viwepo vituo vingi, vyenye vipimo vya namna moja, vikipima kwa wakati mmoja.

Huko Hamburg, chini ya uongozi wa Georg von Neumayer, wajumbe walilikubali shauri hilo na kuunda tume ya kulitekeleza. Weyprecht alifariki Machi 1881, kabla kazi haijaanza. Mwaka wa Kwanza wa Kimataifa wa Ncha za Dunia ulifunguliwa Agosti 1882, ukaendelea kwa muda wa mwaka mzima. Vituo 12 viliwekwa upande wa kaskazini na 2 upande wa kusini. Kila saa wapimaji waliandika joto, mkazo wa hewa, upepo na mwendo wa sindano ya sumaku. Tarehe 1 na 15 za kila mwezi sumaku ilipimwa kila dakika 5, wote wakifuata saa ya mji wa Göttingen.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Msafara wa Marekani, ulioongozwa na Adolphus Greely, ulikuwa na watu 25. Merikebu za chakula hazikuwafikia, na baada ya kuokolewa mwaka 1884 ni 6 tu waliorudi nyumbani hai. Hata hivyo madaftari yao yalisalimika. Nacho kituo cha Wajerumani katika kisiwa cha South Georgia, kusini kabisa mwa Atlantiki, kilipima mawimbi yaliyotoka katika mlima wa moto wa Krakatau, Indonesia, uliporipuka Agosti 1883.

Lakini mkutano uliacha pengo. Wajumbe walipatana namna ya kupima, wasiweke mahali pamoja pa kuyalinganisha yaliyopimwa. Kila nchi ilichapisha vitabu vyake, na hesabu nyingi zikalala humo. Pengo hilo lilizibwa katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, vilipoanzishwa vituo vya kukusanya takwimu za mataifa yote. Hapo elimu ya barafu ilifika hata Afrika ya Mashariki: wasomi wa Makerere walipanda Rwenzori kuipima mito ya barafu. Leo barafu hiyo imepungua mno, na vipimo vile ni miongoni mwa mashahidi wake.

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Habari ya Hamburg yatuongezea neno: vidole vikiisha kukutana, havina budi pia kufunguliana madaftari.