Mapato ya matangazo na takwimu za wasikilizaji wa redio (Upare)

Makala hii inahusu namna redio za FM zinavyopata matangazo ya biashara na namna wasikilizaji wake wanavyohesabiwa huko Upare, yaani katika wilaya za Same na Mwanga, mkoani Kilimanjaro, hadi mwambao wa Ziwa Jipe.

Historia

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilitawala hewa ya Tanzania Bara peke yake, ikiuza matangazo kupitia Idhaa ya Biashara. Sheria ya Utangazaji ya 1993 iliwafungulia mlango watu binafsi. Radio One ya mfanyabiashara Reginald Mengi ilianza 1994. Tangu 2003 leseni husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Usikivu

Mawimbi ya FM hayapindi kona. Milima ya Upare, yenye kilele cha Shengena (mita 2,462), huuzuia mtambo uliosimikwa Same mjini usisikike vema Gonja, Ndungu na Kihurio, upande wa mashariki wa milima hiyo. Kituo kinachotaka kusikika pande zote mbili hugharamia mtambo wa pili.

Takwimu za wasikilizaji

Watangazaji wa biashara huuliza mambo mawili: wangapi husikiliza kituo kwa siku au wiki, na kituo kina fungu gani la muda wote wa usikilizaji. Wakigawanya bei ya tangazo kwa idadi ya wasikilizaji, kisha wakizidisha kwa 1,000, hupata gharama ya kuwafikia wasikilizaji 1,000.

Nchini Tanzania kazi ya kuhesabu wasikilizaji ilifanywa kwa miaka mingi na kampuni ya utafiti ya Steadman, baadaye Synovate, kisha Ipsos. Kampuni ya GeoPoll ilileta maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Tatizo ni ukubwa wa sampuli. Katika sensa ya 2012 Same ilikuwa na watu 269,807 kati ya 44,928,923 wa nchi nzima, yaani asilimia 0.6. Sampuli ya kitaifa ya watu 2,000, ikigawanywa kwa uwiano, huiachia Same watu 12 tu. Mmoja wao akibadili kituo, takwimu ya wilaya huruka kwa zaidi ya asilimia 8. Namba ya namna hiyo haifai kupangia bei, wala kumhukumu mtangazaji wa kipindi. Utafiti wa simu nao huwaacha nje wasio na simu, ambao aghalabu ni wazee wa vijijini.

Mapato

Mawakala wa matangazo wa Dar es Salaam hupeleka fedha za kampuni za simu, vinywaji na sabuni kwenye vituo vyenye takwimu. Redio ndogo hubaki na matangazo ya vifo, salamu, maduka ya pembejeo, minada, udhamini wa vipindi na vipindi vya kulipiwa vya taasisi za umma na mashirika. Malipo ya taasisi za umma huchelewa mara kwa mara.

Hali ya sasa

Simu janja zimeongeza ushindani. Kwa kuwa sampuli za kitaifa hazitoshi, kwa redio ya wilaya utafiti wa wilaya yenyewe ndio ushahidi pekee wenye uzito mbele ya mteja.