Nyuso Juani: Historia Fupi ya Picha za Wazee Wetu



Kila mandir inapoadhimisha miaka yake, kazi ya mwanzo ya kamati huwa ni kuzitoa kabatini picha za kale. Picha hizo, ziwe za Unguja, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, zina sura moja. Watu wamesimama safu tatu au nne mbele ya ngazi. Wazee wenye vilemba wameketi viti vya katikati. Watoto wamekaa chini kwenye mkeka. Na jua liko juu ya vichwa vya wote. Dhoti na kanzu zinang'aa kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Lakini pale yalipopaswa kuwapo macho, pana vivuli viwili vyeusi.

Vijana wetu huuliza kwa nini wazee walikubali kupigwa picha hivyo, na kwa nini wanaonekana wamekunja nyuso kama watu wenye hasira. Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni sehemu ya historia ya jumuiya yetu na ya majirani waliosimama nasi katika safu zile. Tumeona inafaa tulieleze katika kitabu hiki, maana katika nyuso zile zilizofunikwa na kivuli wamo watu ambao majina yao yanakaribia kupotea.

Zama za kulitegemea jua

Upigaji picha ulizaliwa ukiwa mtumwa wa jua. Uvumbuzi wa Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, bamba lake la shaba iliyopakwa fedha lilikuwa zito kupokea mwanga, na aliyetaka sura yake ilimbidi akae juani bila kutikisika kwa muda unaohesabiwa kwa dakika. Mwaka huohuo, Robert Cornelius wa Philadelphia, Marekani, alijipiga picha mwenyewe nje ya duka la familia yake, kwa sababu ndani mwanga haukutosha. Waliofuata walifunga vyuma nyuma ya viti ili kichwa kisisogee, na wengine waliweka kioo cha buluu kati ya jua na mteja ili macho yasiumie. Tangu siku ya kwanza, basi, jua lilikuwa mfadhili na mtesi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1851 Frederick Scott Archer wa Uingereza alieleza njia ya kutumia kioo kilichopakwa dawa mbichi, na muda ukapungua hadi sekunde chache. Kuanzia 1871, kwa kazi ya Richard Leach Maddox, kikaja kioo kikavu ambacho mpigapicha aliweza kukibeba safarini. Ulaya walijenga studio zenye paa la vioo lililoelekea kaskazini, upande usiopigwa na jua moja kwa moja, wakapata mwanga laini kutwa nzima.

Bara Hindi halikuchelewa. Chama cha wapigapicha cha Bombay kiliundwa mwaka 1854, miaka kumi na mitano tu baada ya tangazo la Paris. Baadaye Lala Deen Dayal, aliyezaliwa 1844, akawa mpigapicha wa Nizam wa Hyderabad na kufungua studio kubwa Bombay mwaka 1896. Alijenga jina kwa picha za makasri, misafara na makundi makubwa ya watu nje, mahali ambapo hakuna pazia la kulizuia jua. Kwa hiyo wazee wetu waliopanda majahazi ya kaskazi kutoka Mandvi na Porbandar, na baadaye meli za moshi kutoka Bombay, hawakuja wageni wa kamera. Wengi walikuwa wameshaiona.

Kamera yafika pwani

Huku kwetu kazi hii ilishikwa mwanzo na Wagoa. Katika karne ya 19 majina ya A. C. Gomes na J. B. Coutinho yalijulikana Unguja, na picha zao za mitaa, za masultani na za wafanyabiashara zingali zikitazamwa hadi leo. Miongoni mwa Wagujarati, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 1930. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh alipiga picha za wakazi wa kila dini na kila kabila, waliokuja wamevaa walivyotaka kukumbukwa.

Ndani ya studio, mwenye studio alikuwa sultani wa mwanga. Alikuwa na pazia, taa, kiti na mandhari ya kuchora. Mteja mmoja, au bwana na bibi harusi, walipata sura yenye macho maangavu na shavu laini. Lakini jumuiya nzima ya mandir haiingii studio. Siku ya kuweka jiwe la msingi, siku ya kuingiza murti, siku ya kumwaga mgeni mheshimiwa, ilibidi mpigapicha atoke na sanduku lake la mbao, stendi ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Hapo ndipo alipokutana na jua lenyewe.

Jua la utosi

Wenzetu wa Ulaya wana jua linalotembea chini upande wa kusini mwa mbingu. Hata saa sita mchana wakati wa baridi linamulika uso kwa mbele. Kwetu ni kinyume. Unguja na Dar es Salaam zipo kati ya nyuzi 6 na 7 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita sawasawa juu ya utosi. Katika siku hizo mti ulionyooka hauna kivuli cha kumfaa mtu. Paji la uso huwa paa, na macho hukaa chini ya paa hilo kama mtu aliyejibanza barazani. Pua huangusha kivuli juu ya mdomo. Kilemba au kofia yenye ukingo huongeza giza juu ya giza.

Zaidi ya hayo, maelekezo tuliyoletewa hayakuandikwa kwa ajili yetu. Sisi wenye maduka tuliouza filamu tunazikumbuka karatasi zilizokuwa ndani ya maboksi, zenye picha ndogo ya jua, ya wingu na ya kivuli. Ushauri wa kamera za sanduku ulikuwa mpigapicha alipe jua mgongo, na apige tangu saa mbili baada ya macheo hadi saa mbili kabla ya machweo. Kwa nchi za kaskazini ushauri huo ni wa busara. Kwetu sisi, kulipa jua mgongo wakati wa adhuhuri hakuna maana, kwa kuwa jua halina upande. Na zile saa zilizokatazwa, mapema asubuhi na jioni jua linapoinama, ndizo saa ambazo uso wa mtu wa pwani huonekana vizuri kuliko zote.

Ratiba za shughuli zetu nazo zilimtia mpigapicha katika mtego uleule. Muhurat huchaguliwa na mwenye elimu ya nyota wala si na mwenye kamera. Puja huanza asubuhi, hotuba hufuata, na kabla ya watu kukaa kula, mtu hupaza sauti: «Picha kwanza!» Saa hiyo ni saa sita na nusu. Ndiyo maana wazee wamekunja nyuso. Hawakuwa na hasira. Walikuwa na jua machoni na njaa tumboni.

Weupe wa nguo na weusi wa uso

Kuna jambo la pili, nalo linagusa haki. Siku ya jua wazi, mahali palipopigwa na jua hupata mwanga kama mara nane ya mahali penye kivuli cha wazi. Filamu haikuweza kuvihifadhi vyote viwili kwa uzuri uleule. Mpigapicha alilazimika kuchagua: akiokoa ufumaji wa dhoti nyeupe, uso wa maji ya kunde utazama gizani, akiuokoa uso, nguo itageuka doa jeupe lisilo na mkunjo. Wengi waliokoa nguo, kwa kuwa waliogopa kuunguza picha.

Dawa za filamu za zamani nazo zilikuwa na upofu wake. Ziliona vizuri buluu, lakini hazikuiona rangi nyekundu. Kwa sababu hiyo, katika picha za wakati ule, tilaki nyekundu katika paji la uso huonekana nyeusi, sari nyekundu ya bibi harusi huonekana kama ya msiba, na mbingu ya buluu huwa nyeupe tupu. Ngozi ya kahawia, ambayo ina wekundu ndani yake, ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Filamu za rangi zilipokuja, kwa miongo mingi maabara zilizipima kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu.

Tazameni sasa matokeo katika picha ya mandir. Mgeni Mzungu aliyealikwa anaonekana hadi nyusi. Wazee wetu wanaonekana nusu. Na mafundi waashi, maseremala, wapishi na majirani Waswahili waliosimama pembeni ya safu, watu waliobeba mawe na kuchanganya chokaa ya nyumba hii ya ibada, wameonekana kanzu na kofia tu. Mtu asiyejua atasema hawakuwa watu muhimu. Ukweli ni kwamba walikuwapo, walisimama katika jua lilelile, na ni dawa ya filamu iliyoshindwa kuwapokea.

Ujuzi wa mafundi

Tusidhani kuwa wapigapicha walikaa kimya mbele ya mambo hayo. Walikuwa na hila zao, nyingi zikiwa za bei nafuu. Waliwahamishia watu upande wa jengo uliokwisha kuingia kivulini, au barazani, ambako mwanga wa uwanja huingia bila jua lenyewe. Waliligeuza jua likae nyuma ya watu, kisha wakatandika shuka nyeupe chini mbele yao ili mwanga urudi juu usoni. Ukuta uliopakwa chokaa ulifanya kazi hiyohiyo bila malipo; hekalu lenyewe lilimulika waumini wake. Mwavuli mweusi ulishikwa juu ya lenzi ili jua lisiingie ndani yake. Watu waliambiwa wafumbe macho, na kwa hesabu ya tatu wafumbue pamoja, hivyo picha ikapigwa kabla ya machozi kuja.

Kazi iliendelea gizani. Kwa penseli iliyochongwa mno, fundi alitia mkono juu ya negativu, akapunguza kivuli chini ya jicho la kila mtu, uso baada ya uso. Na kule Nathdwara, Rajasthan, wachoraji walikwenda mbali zaidi: walikata uso uliopigwa picha, wakaubandika katika mchoro wa familia iliyosimama mbele ya Shrinathji, na mwili, mavazi na mwanga vyote vikachorwa kwa brashi. Kwao jua halikuwa na amri tena.

Ustadi huu wa kulipokea jua kwa kipimo si mgeni katika asili yetu. Hekalu la Jua la Modhera, Gujarat, lililojengwa mwaka 1026-27, lilielekezwa mashariki ili siku ambazo usiku na mchana hulingana, miale ya macheo iingie hadi chumba cha ndani. Wajenzi wale walijua kwamba jua la kupendeza ni lile linaloingia kwa pembeni.

Yaliyobaki kwetu

Leo simu ya mkononi hupiga picha kadhaa kwa nukta moja na kuziunganisha, ili nguo na uso vionekane pamoja. Hata hivyo haiwezi kuondoa kabisa kivuli cha adhuhuri chini ya nyusi. Kwa hiyo tunaiomba kamati kwamba picha ya jumuiya ya mwaka huu ipigwe saa kumi na nusu alasiri, barazani au upande wa ukuta mweupe, chakula kikiwa kimekwisha kuliwa. Na majirani wasisimame pembeni. Wasimame katikati pamoja nasi.

La pili ni kubwa zaidi. Kivuli cha picha hakiwezi kuondolewa na mashine ikiwa filamu haikupokea kitu. Kinachoweza kukiondoa ni kumbukumbu ya mtu. Wapo bado kina ba na kina dada, kina bibi na kina babu wa mitaa ya jirani, wanaomtambua mtu kwa namna alivyosimama, kwa fimbo yake, kwa jinsi alivyofunga kilemba. Wanaweza kusema: huyu ndiye fundi aliyejenga ngazi, yule ndiye aliyekuwa akileta maua kila alfajiri. Kila mwaka idadi yao inapungua.

Tunawaomba, kwa heshima, kila familia ya Kihindu na ya jirani ilete picha iliyo nayo katika ofisi ya mandir. Itanakiliwa na kurudishwa siku hiyohiyo. Keti na mzee wako, muulize jina la kila aliyesimama, kisha uliandike nyuma ya picha kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya hadi mbele. Asiyejulikana aandikiwe alipokuwa amesimama, safu ya ngapi na nafasi ya ngapi, ili mwingine apate kumtaja. Hivyo wale ambao jua liliwaficha nyuso watarudi kwa majina yao, na wajukuu wao, wawe wanakuja kwa arati au wanapita njiani kwenda sokoni, watajua kwamba babu zao walikuwapo siku jiwe la kwanza lilipowekwa.