Mbawakawa wa Giza wa Tanzania

Mbawakawa wa giza ni wadudu wa familia ya Tenebrionidae. Mfaransa Pierre André Latreille aliipa familia hii jina mwaka 1802, akilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya mpenda giza. Duniani zimekwisha kuelezwa spishi zaidi ya 20,000. Tanzania wapo kwenye mchanga wa pwani, chini ya mawe ya nyika, ndani ya magogo yaliyooza misituni na katika debe la unga jikoni. Si wote wanaokimbia mwanga: wale wa jenasi Zophosis hupita mbio juani mchana kweupe.

Wengi ni weusi, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokosea, kwa sababu mbawakawa wengine wengi ni weusi vilevile. Rangi isiaminiwe. Mshike mdudu, mgeuze chali, kisha hesabu pingili za nyayo kwa lenzi ya kukuza mara 10. Miguu ya mbele na ya kati huwa na pingili tano kila mmoja, ya nyuma nne. Mbawakawa wawindaji wa familia ya Carabidae, ambao ndio hasa wanaochanganywa nao, wana tano miguu yote. Tazama pia kichwa: mashina ya vipapasio hufichwa na ukingo wa uso, na ukingo huo mara nyingi huingia ndani ya jicho hata likawa na umbo la figo. Hesabu ya nyayo pekee haitoshi, kwani Meloidae, wale ambao majimaji yao hubabua ngozi, wanayo hiyohiyo. Lakini wao wana mwili laini, shingo nyembamba na kucha zilizopasuka.

Uainishaji wa ndani ya familia umebadilika sana. Lagria, wenye manyoya na mwili laini, wanaokaa juu ya majani, waliwahi kuwa na familia yao. Sasa wamo katika nusufamilia ya Lagriinae. Zophosis ni wa Pimeliinae, kundi la nchi kavu lisilo na tezi za kujilinda. Blaptinae ilirudishwa kuwa nusufamilia mwaka 2021, na humo wamo Gonocephalum, wadudu wa rangi ya vumbi ambao hujipaka udongo hata wasionekane shambani. Mmoja wao, Gonocephalum simplex, huguguna gome la miche ya kahawa.

Wanaojulikana zaidi ni wa ghalani. Tribolium castaneum, mwekundu wa kahawia, ana urefu wa milimita 3 hadi 4, na unga uliojaa wadudu hawa hunuka kwa sababu ya kemikali za kwinoni wanazotoa. Ndugu yake Tribolium confusum hutofautishwa kwa vipapasio: vya castaneum huishia ghafla kwa pingili tatu nene, vya confusum hunenepa polepole. Kuwatenganisha kuna faida kwa mwenye ghala, maana castaneum huruka vizuri na huhamia gunia jingine kwa urahisi.

Kwa spishi za porini kazi ni ngumu. Mara nyingi hubidi kupasua tumbo na kuchunguza viungo vya uzazi vya dume, kisha kulinganisha na vielelezo vya asili, yaani wadudu waliotumiwa kuieleza spishi mara ya kwanza. Vingi vya vielelezo hivyo viko Ulaya: vile vya safari za mpelelezi Mjerumani von der Decken, ambavyo Gerstaecker wa Berlin alivieleza mwaka 1873 katika kitabu chake juu ya wadudu wa eneo la Zanzibar, na vile vya msafara wa mwanasayansi Mswidi Sjöstedt wa Kilimanjaro na Meru wa 1905–1906. Maelezo yenyewe yameandikwa kwa Kijerumani na Kilatini. Mwanafunzi wa Morogoro au Arusha anastahili ufunguo wa utambuzi kwa lugha anayoisoma, na mtu wa kuuandika hatapatikana bila mkusanyo wa nyumbani.

Kwa hiyo, msomaji, ukifukia kopo ardhini usiku kucha na kumpata mmoja asubuhi, andika mahali, tarehe na aina ya udongo kwenye lebo kabla hujamtoboa kwa pini.