Kutoka Burin hadi Tonga: mikongo ya baharini na habari za majanga

Novemba 18, 1929, saa 11 na dakika 2 jioni, tetemeko la ardhi lilipiga chini ya bahari kusini mwa kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Eneo hilo lilikuwa njia kuu ya mikongo ya telegrafu kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Iliyokuwa karibu na kitovu ilikatika papo hapo. Kilichowashangaza wahudumu wa telegrafu ni kilichofuata: mkongo mmoja baada ya mwingine uliendelea kukatika kuelekea kusini, bahari inakozidi kina, na wa mwisho ukakatika saa 13 na dakika 17 baada ya tetemeko. Jumla ilikuwa mikongo 12. Kwa kila mmoja waliandika daftarini dakika uliponyamaza, kama kazi ilivyowataka.

Huku nyuma mawimbi ya tsunami yalikuwa yakielekea rasi ya Burin. Yalifika baada ya saa mbili na nusu hivi, yakabeba nyumba na mashua za wavuvi, na watu 28 wakafa. Waya wa telegrafu wa Burin ulikuwa umeangushwa na dhoruba siku chache kabla, hivyo mji wa St. John's haukujua lolote. Habari zilitoka siku ya tatu tu, meli ya Portia ilipotia nanga Burin kwa safari yake ya kawaida ikiwa na redio.

Zile daftari hazikupotea. Mwaka 1952 wanasayansi Bruce Heezen na Maurice Ewing walizipanga dakika za kukatika pamoja na umbali wa kila mkongo, wakaonyesha kwamba tetemeko lilikuwa limeporomosha tope na mchanga mwingi, nao ukateremka sakafuni mwa bahari kwa kasi ya gari, ukikata kila ulichokikuta. Hakuna aliyewahi kupima kitu kama hicho. Kwa maneno mengine, chombo cha kwanza cha kupima maporomoko ya kina kirefu kilikuwa hasara ya makampuni ya telegrafu.

Hesabu hiyo hiyo ilirudiwa karibuni. Januari 15, 2022, volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka, na Tonga, iliyotegemea mkongo mmoja kwenda Fiji, ikazimika. Mkongo wa ndani unaounganisha visiwa vyake ulikatika ndani ya robo saa; ule wa kimataifa ulidumu zaidi ya saa moja. Kwa nyakati hizo watafiti walikadiria kwamba kasi ya maporomoko ilifika hadi kilomita 122 kwa saa. Takriban kilomita 89 za mkongo wa kimataifa ziliharibika, na ilichukua wiki tano kurudisha huduma.

Kwa nini basi kungoja mkongo ukatike ndipo useme? Swali hilo lilizaa kikosi kazi cha pamoja mwaka 2012, chini ya mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa: la mawasiliano (ITU), la hali ya hewa (WMO) na tume ya bahari ya UNESCO. Wazo lao ni rahisi. Kwenye mkongo wa nuru, kila baada ya kilomita 60 hadi 100, kuna mtungi wa chuma wenye vifaa vya kuongeza nguvu ya mwanga, na umeme tayari unaufikia. Weka humo kihisi cha mtikisiko, cha mgandamizo wa maji na cha joto. Tsunami ikipita juu, hata ikiwa bahari imeinuka sentimita chache tu, uzito wa maji huongezeka na kihisi kikaujua, kisha taarifa ikafika pwani kwa mkongo wenyewe. Japani ilikwishafanya hivyo baada ya janga la tsunami la 2011, lakini kwa mikongo ya sayansi peke yake, anasa ambayo visiwa vidogo haviimudu.

Ndiyo maana macho yako Vanuatu. Mradi wa Tamtam unalenga kuiunganisha na Kaledonia Mpya kwa mkongo wa biashara wenye vihisi, ukivuka eneo la mfereji wa New Hebrides, kiwanda cha matetemeko. Desemba 17, 2024, tetemeko la ukubwa wa 7.3 lilipiga karibu na mji mkuu wa Vanuatu, Port Vila, na intaneti ya nchi ikakatika. Ureno nayo inataka vihisi kwenye mkongo mpya wa kwenda Azores na Madeira. Lisbon haijasahau tetemeko na tsunami ya mwaka 1755.

Kinachokwamisha si ufundi. Sheria ya bahari inautazama mkongo wa simu kwa jicho moja na utafiti wa kisayansi kwa jingine. Utafiti unahitaji idhini ya kila nchi yenye maji hayo, na wenye mikongo wanaogopa kibali kimoja kukwamisha mradi wa mamilioni ya dola. Naona hofu yao ina msingi, ila serikali zinaweza kuiondoa kwa kalamu.

Mkongo hutengenezwa udumu miaka 25 hivi, na ukishalala chini bila vihisi hautafumuliwa kuwekewa. Mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani ya Afrika Mashariki 2009, EASSy 2010, huu wa mwisho ukipitia Moroni, Komoro, chini ya volkano ya Karthala. Hesabu za kuibadilisha zitaanza kupigwa kabla ya 2035.