Kupwa

Nchiru, yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, iko mbali na mawimbi. Lakini masimulizi ya Wameru huanzia Mbwaa, kando ya maji, walikowakimbia Nguo Ntune, yaani watu wa mavazi mekundu. Ndiyo maana natamani kila mtoto wa hapa alijue neno kupwa: bahari kurudi nyuma, ufuo ukabaki wazi. Kinyume chake ni kujaa, na neno pwani limezaliwa katika kupwa.

Kupwa kuliwahi hata kuamua vita. Mnamo 1812 hivi, jeshi la Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, lilishuka Shela, kwenye kisiwa cha Lamu, kuuteka mji wa Lamu. Lilipozidiwa likakimbilia vyombo vyake, likavikuta vimekaa mchangani. Maji yalikuwa yamekupwa! Wengi waliuawa papo hapo ufuoni. Kwa kuhofia kisasi, watu wa Lamu wakamwomba Sayyid Said wa Omani awalinde.